Nilimuuguza punda wa Usoke mpaka akapona, kisha mtani wangu Mgogo akamteka

Wakuu, salaam kwenu nyote mliopo jukwaani.

Naanza na kosa, ili wanaotaka kunisema wanisemee hapa hapa mwanzoni: nilimwosha punda kidonda kwa maji ya tumbaku.

Mliokulia Tabora mnajua nilikoitoa hiyo. Kwetu mbuzi akiwa na kupe au kuku akiwa na utitiri, mtu analoweka majani ya tumbaku, anapaka, maisha yanaendelea. Mimi nikajiongeza: kama yanaua kupe, si yataua na funza? Nikayaloweka mpaka yakawa meusi kama chai iliyosahaulika jikoni, nikamwagia kidondani bila kupunguza.

Haukupita muda punda akaanza kutetemeka. Mate yakamtoka. Miguu ya mbele ikaachana, akashuka taratibu mpaka kifua kikagusa chini, macho yakinitazama.

Alipona, msiogope. Nitafika huko. Yote nitakayoandika ni kama yalivyotokea, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kwanza mnijue. Kazi yangu ni kushona siti za bodaboda. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufumua siti za watu zilizoharibika na kutazama video, mpaka mkono ukazoea. Nina kibanda Isevya hapa Tabora mjini, na ukuta kwa ukuta na mimi kuna fundi tairi anaitwa Ndahani. Ni Mgogo wa Manyoni. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa wasiotoka kwetu: hao ni watani wetu tangu enzi za misafara, kwa hiyo ana haki ya kunitukana kuanzia asubuhi mpaka tunafunga, na mimi sina haki ya kukasirika.

Kitu kingine mnachotakiwa kujua: mimi ni mtu wa kufumua. Mshono ukikaa vizuri, lakini si vile ulivyokuwa kichwani mwangu, nafumua. Mteja amesimama na helmeti mkononi, mimi nafumua. Kuna sauti ndani inaniambia kila atakayepita barabarani ataona pale palipopinda, atajua ni mimi.

Ndahani huwaambia wateja wangu, "Kaka, bora ungenunua pikipiki nyingine. Ingekuwa haraka."

Sasa tuje kwa punda.

Msimu wa masoko ya tumbaku huwa nabeba cherehani naenda Usoke. Wakulima wakishauza, kila mwenye pikipiki anataka siti mpya, na mimi nakaa karibu na ghala nashona mpaka mgongo unagoma. Siku hiyo nilikwenda nyuma ya ghala kunyoosha miguu nikamkuta.

Alikuwa punda jike, amesimama jua kali ingawa kivuli kilikuwa hatua chache pembeni. Mbavu zote nje. Juu ya mabega, pale shingo inapoungana na mgongo, kulikuwa na shimo. Siwezi kuliita jeraha. Lilikuwa shimo, na ndani yake kulikuwa na vitu vinavyotembea.

Nikamuuliza kuli mmoja aliyekuwa anapumzika, "Huyu wa nani?"

"Wa Mungu sasa," akanijibu. "Mwenyewe kamwacha. Kuna lori linapita wiki hii, ataondoka nalo."

"Lori la nini?"

"La wachuna ngozi za punda, kaka. Unafikiri la shule?"

Kisha akanionyesha kwa kidevu nira iliyoegemezwa ukutani. Ilikuwa nira ya ng'ombe, mti mzima mzito, ya kufunga wanyama wawili. Akaniambia walikuwa punda wawili, mwenzake akafa, na mwenye mali akaendelea kumvutisha huyu mmoja mkokoteni kwa nira ile ile ya wawili. Upande ukiwa mtupu, mti unaelemea upande wenye mnyama. Ndio ukamla vile.

Wakuu, sikuwa na huruma ya ajabu kuwazidi watu waliokuwa pale. Niliitazama ile nira kama fundi anavyotazama kazi mbovu ya fundi mwenzake. Hakuna sponji, hakuna kitambaa, mti mkavu juu ya mfupa. Nilikasirishwa na nira kabla sijamwonea huruma punda. Lakini hasira ilinitosha. Nikamwomba dereva wa kenta aliyekuwa anarudi Tabora tupu, tukampandisha, sehemu kubwa ya pesa yangu ya Usoke ikaishia kwenye nauli ya punda.

Nyumbani, nyuma tu ya kibanda, ninakaa na mama. Nilipofika naye getini, mama alitoka akiwa na mwiko mkononi, akasimama.

"Nini hicho?"

"Punda, mama."

"Naona ni punda. Nauliza ni nini hicho kwangu."

Nilipojaribu kueleza, inzi walikuwa wamejaa kidondani. Mama akawaona. Akaingia ndani, akatoka na khanga yake ya zamani, akaitandika juu ya lile shimo ili inzi wasikae. Punda akainamisha kichwa, akawa anatembea kidogo kidogo uani akiwa amefunikwa khanga, hatua moja, anasimama, hatua moja, anasimama.

"Mtazame," mama akasema, "kama bi harusi anaingizwa ukumbini."

Jina likawa hilo. Bi Harusi.

Kesho yake ndio nikafanya lile la maji ya tumbaku.

Aliyemwokoa ni afisa mifugo wa kata yetu, dada mmoja asiyependa maneno mengi. Nilimpigia simu nikilia, na siandiki hivyo kwa kupamba, nilikuwa nalia. Alikuja, akamwaga maji safi ndoo baada ya ndoo mpaka kidonda kikawa cheupe, akamchoma sindano, kisha akanusa ile ndoo yangu.

"Umempaka hii?"

"Ndiyo."

"Mbona hukumpa na sigara avute kabisa?"

Akanielewesha kwamba tumbaku ikiingia kwenye nyama iliyo wazi inakwenda moja kwa moja kwenye damu. Akaniambia nioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nipake asali, nifunike. Asali tu, hii yetu ya porini. Mimi nilitarajia dawa yenye jina gumu.

Asali ikafanya kazi. Nyuki nao wakapata habari, ikabidi niwe namtibu mapema kabla jua halijapanda, vinginevyo tunafukuzwa wote wawili. Funza wakaisha. Shimo likaanza kujaa kutoka chini, nyama ya pinki kama ufizi wa mtoto.

Lakini kitu ninachotaka mkishike ni hiki. Asubuhi ya baada ya ile ajali nilimwendea na ndoo ile ile, kwa sababu nilikuwa nayo hiyo hiyo moja. Alipoiona akaanza kutetemeka, ngozi yote ya ubavuni inacheza. Kamba ilikuwa imelegea, angeweza kuondoka. Angeweza kunipiga teke, na ningestahili.

Alisimama. Anatetemeka, na amesimama. Nikaosha, nikapaka, nikafunika, na nilipomaliza akaniwekea paji la uso kifuani, akaliacha pale.

Sijui punda wanafikiria nini. Mimi nilijua tu kwamba mtu mmoja akiniharibia mshono simsamehe mwaka mzima.

Alipopata nguvu nikaanza kumtembeza. Kila asubuhi tulikuwa tunatoka mjini kwa ile njia ya zamani ya misafara inayokwenda Kwihara, kisha tunageuza. Nilikuwa nimetazama video za watu wanaofundisha punda, na nikawa na mpango: atembee katikati ya njia, kichwa juu, kamba iwe legevu.

Kichwa sawa. Kamba sawa. Katikati akakataa.

Bi Harusi alikuwa anatembea kushoto kabisa, kwato karibu zinaingia kwenye majani. Namvuta katikati, anakubali kidogo, nikisahau tu yuko kushoto tena. Njia nzima ya kulia imebaki tupu. Nilijaribu kwa pumba, nikajaribu kwa kumkemea, nikajaribu kutembea mimi kushoto ili nimsukume. Ananipitisha majanini na mimi. Iliniumiza kichwa kuliko kidonda. Nilikuwa nalala nikiwaza kwa nini kila kitu kimenyooka isipokuwa hicho.

Ndahani alikuwa anatusubiri tukirudi.

"Wanyamwezi punda mlimjulia wapi nyie? Babu zako ndio walikuwa punda. Pembe za ndovu kichwani kutoka hapa mpaka baharini, na nyimbo juu!"

"Na walipopita kwenu mkawatoza ushuru kwa kunywa maji ya dimbwi," namjibu. "Njaa tupu."

"Ushuru lazima. Msafara wa Mnyamwezi haupiti kwa Mgogo bure. Hata leo."

Kumbukeni hayo maneno.

Kidonda kilipofunga, nywele zikaota nyeupe juu yake, duara kama sahani. Afisa mifugo akaniambia amepona, ila nira asivae tena maishani. Akitakiwa kuvuta kitu chepesi, avalishwe mkanda wa kifuani, mpana na laini, ili uzito ukae kifuani na mabega yabaki huru.

Mkanda! Hiyo ni kazi yangu kabisa. Nikachukua mikanda ya viti vya magari, sponji, ngozi bandia, nikakaa chini kumshonea. Nikamaliza. Nikautazama. Nikafumua. Nikashona tena, upande mmoja wa sponji ukawa mnene kuliko mwingine kwa kiasi ambacho hata mimi ilibidi nifumbe macho ndio nikihisi kwa vidole. Nikafumua.

Huku mama akawa ameweka masharti yake. Banda la Bi Harusi lilikuwa jiko letu la nje, na uani kwetu mvua zikianza panakuwa bwawa.

"Mwanangu, nimempenda," akasema. "Lakini mvua ikianza, ama yeye ama jiko langu. Mtafutie kwake."

Na mvua haikuwa tatizo peke yake. Kuna jamaa alipita na pikipiki, akasimama getini, akamuuliza mama kwa upole kama yule punda anauzwa. Mama akamuuliza wa kazi gani. Jamaa akasema, "Wa kazi yoyote tu." Mama alimfungia geti usoni. Baada ya siku chache akapita tena, safari hii hakusimama, alipunguza mwendo tu.

Kwa hiyo mambo yakawa hivi: Bi Harusi apate kwake kabla ya mvua, au siku moja nirudi nikute kamba imekatwa.

Nikatangaza kwa wateja. Watu wakaja. Na mimi nikawakataa.

Wa kwanza alikuwa mfyatua matofali, na huyo hata ninyi mngemkataa, maana alianza kwa kuuliza anabeba matofali mangapi. Lakini akaja mwalimu mstaafu wa Igalula, mtu safi, ana eneo kubwa. Nikamkataa kwa sababu uzio wake una waya wenye miiba upande mmoja. Ikaja familia moja ya Kikatoliki, baba, mama na mabinti, wakaleta na karoti. Nikawakataa kwa sababu baba alimshika masikio bila kumzoesha kwanza.

Kisha akaja Mama Regina.

Ni mjane, Mmoraviani, mkulima wa Kigwa. Alikuja mjini sokoni, akasikia habari, akaja kibandani na kapu lake kichwani.

"Mwangaluka mayu, shikamoo," nikamsalimu.

"Marahaba, baba. Nimeambiwa una punda asiyevuta. Mimi nina punda asiyetaka kuvuta."

Akanieleza. Alikuwa na punda wawili waliokua pamoja. Mmoja aliibiwa, na anajua ngozi yake ilikokwenda. Aliyebaki, dume lake anaitwa Meja, tangu siku hiyo ukimfunga mkokoteni anasimama tu. Haumwi. Anakula kwa kubembelezwa. Na Mama Regina anategemea huyo punda kuchota maji na kupeleka mahindi barabarani.

Mimi hapo nikavaa miwani ya hakimu.

"Huwa unampiga?"

"Nimpige kwa nguvu gani, baba?"

"Banda lina paa?"

"Lina paa. Upande mmoja linavuja."

"Daktari wa mifugo yuko karibu?"

"Yuko mwendo wa pikipiki na nusu," akasema, akacheka mwenyewe.

Sikucheka. Nilijiambia: punda aliyegoma ni punda anayeteswa, na paa linavuja. Nikamwambia nitamjulisha. Nafikiri alijua maana yake, kwa sababu aliinuka, akaweka kapu lake kichwani, akasema, "Wabeja, asante baba. Ukibadili mawazo fika Kigwa uulizie Mama Regina wa punda mgomaji." Alipita kwanza uani kumwona Bi Harusi, akamgusa lile duara jeupe kwa mgongo wa mkono, akaenda.

Ndahani alikuwa amesikia yote.

"Mtani, yule mama umemhoji kama anaomba kazi benki."

"Nataka mahali pazuri."

"Unataka mahali pasipo na Mungu wala mvua. Hapo hapapo. Hata Manyoni hapapo."

"Manyoni mvua mliisikia redioni."

Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Lakini baadaye nilimwona anaongea na simu muda mrefu, amenipa mgongo.

Wiki iliyofuata niliitwa Usoke kumalizia siti za watu. Nilitoka asubuhi, nikarudi jioni, na mawingu yalikuwa yamekaa upande wa mashariki, mazito. Nikafungua geti. Jiko la nje lilikuwa wazi. Kamba haipo, punda hayupo, na sakafu imefagiliwa.

Nilimfikiria yule jamaa wa pikipiki. Nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti.

"Mama! Bi Harusi!"

Mama alitoka anafuta mikono. "Amechukuliwa asubuhi."

"Na nani?"

"Na mtani wako."

"Mama, ukamwachia?"

"Nimzuie mtani kwa sheria ipi? Kaja na kenta ya mteja wake, kasema anateka mali ya Mnyamwezi. Mimi nilimsaidia kumsukuma kupanda."

Kwa wasioujua utani wetu: mtani akichukua kitu chako, huendi polisi na hununi. Unakwenda kukikomboa, kwa masharti yake, na watu wanacheka. Kwa kawaida ni kuku, au kofia. Punda sikuwahi kusikia.

Nikapiga simu.

"Mateka ninaye," Ndahani akapokea bila salamu. "Anakula vizuri kuliko alivyokuwa kwako."

"Ndahani, uko wapi? Usinifanyie hivyo, yule bado anahitaji..."

"Niko Kigwa. Kesho asubuhi njoo. Ukishuka pale madukani utakuta gunia la pumba lina jina lako. Ulibebe kichwani mpaka kwa Mama Regina. Ukipanda boda, mateka anaanza kuwa Mgogo. Ushuru wa njia huo."

Akakata.

Kesho yake nikawa Kigwa. Gunia lilikuwepo kweli, na mwenye duka alikuwa ameshaambiwa, kwa sababu aliponiona tu akaita jirani zake. "Mnyamwezi wa ushuru kafika!"

Nikainama nikaliinua. Hatua chache tu shingo ikaanza kuuma, mshono wa gunia umenikalia utosini kama kidole. Nikasimama kulisogeza, likaegemea upande mmoja, maumivu yakahamia pale pale, mnajua pale. Shingo inapoungana na mgongo.

Mama mmoja aliyekuwa anauza nyanya akaniambia, "We kijana, hata ngata huna? Nani kakufundisha kubeba?" Akavua kipande cha khanga begani, akakizungusha kikawa duara, akaniinamisha kichwa, akaniwekea, akanipandishia gunia juu yake. "Haya. Sasa imba kama babu yako."

Sikuimba. Lakini nilitembea, na watu wakanicheka njia nzima, na wengine wakanisindikiza kipande cha njia. Kwa jinsi ninavyoogopa macho ya watu, ningesema ningekufa. Sikufa. Nilikuwa nimebeba gunia, nilikuwa nafikiria ile nira, na kitambaa kidogo tu kilichokosekana.

Kwa Mama Regina ni nyumba ya tofali za kuchoma, mbele uwanja umefagiliwa. Ndahani alikuwa amekaa kwenye kigoda anakula viazi. Nikatua gunia miguuni pake.

"Yuko wapi?"

Akanyoosha kidole kuelekea kisimani.

Mama Regina alikuwa anarudi kwa njia nyembamba ya shambani, na nyuma yake wanakuja punda wawili. Hakuwafunga pamoja. Hakuna nira, hakuna fimbo. Meja alikuwa na madumu ya maji mgongoni. Bi Harusi hakubeba kitu.

Alikuwa anatembea kushoto, kwato karibu zinaingia kwenye majani. Na kwenye ile nafasi ya kulia, ambayo mimi nilipigana nayo asubuhi zote zile kwenye njia ya Kwihara, alikuwepo Meja. Ubavu kwa ubavu, masikio yanagusana.

Nilimuuliza Mama Regina kama huwa wanatembea hivyo.

"Tangu jana aliposhuka," akasema. "Meja wangu siku zote alikuwa wa kulia. Wa kushoto ndiye walimwiba. Huyu wako alipoingia tu uwanjani, Meja akamzunguka, akasimama upande wake. Leo asubuhi nimemwekea madumu, nikasema nijaribu. Akaenda."

Mnyama alikuwa ameweka nafasi ya mwenzake njia nzima, miezi yote, na mimi niliiona ni kasoro ya kunyoosha.

Ndahani akafuta mikono. "Haya mtani. Ushuru umelipwa mbele ya mashahidi. Mali ni yako. Kamba ile pale."

Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa ananitazama. Mama Regina naye akawa anashusha madumu polepole sana. Angeniachia. Kama ningeishika ile kamba asingesema neno.

Bi Harusi akaja, akaniwekea paji la uso kifuani kama kawaida yake. Nikamkuna lile duara jeupe. Kisha akarudi kushoto kwa Meja.

Nikamuuliza Mama Regina, "Hilo paa linavuja upande gani?"

Nilikuwa na kipande cha ngozi bandia kwenye begi, na sindano kubwa huwa hainitoki. Nikapanda juu ya banda nikaziba. Ndahani akawa chini anashika ngazi na kutangaza kwa wapita njia, "Mnyamwezi akitua mzigo hajui akae wapi! Mtazameni, kapanda juu!" Tulipokuwa tunasubiri usafiri wa kurudi, mvua ya kwanza ikashuka. Mama Regina akapiga simu baadaye kusema hapajavuja.

Wakuu, ninachoweza kuwaachia ni hiki. Mnyama aliyeumizwa hasubiri upate mahali pasipo na kasoro. Mimi nilipima uzio, paa na umbali, na karibu nimkoseshe kitu kimoja alichokuwa anakiomba kila asubuhi mbele ya macho yangu. Walio kama mimi ni wengi humu, nina uhakika. Mwenye punda wawili wawili nyumbani aje atuambie ameona nini akimtenga mmoja, na mwenye mtani aliyewahi kumteka kitu kikubwa kuliko punda, aje tumsikie. Na kama mtu ana njia bora ya kutibu kidonda cha nira, aiandike, ila isiwe tumbaku.

Kuhusu mimi, ule mkanda wa kifuani niliumaliza wiki ile ile. Bi Harusi anauvaa, anasaidia kuvuta maji siku mojamoja, na watu wa Kigwa wameniagiza mingine. Upande wa kulia kuna mshono mmoja umepinda.

Sijaufumua.